Mikataba ya umeme isomwe hadharani kabla ya makampuni kuunganishwa

Ndugu Mhariri,

Tangu tarehe 1 Aprili 2025, siku ambayo kampuni ya umma ya UEDCL ilipokea kazi ya kusambaza umeme nchini Uganda kutoka kwa kampuni binafsi iitwayo Umeme, wasomaji wako wamegawanyika pande mbili. Wapo wanaoshangilia kwamba mali ya taifa imerudi mikononi mwa wenyewe, na wapo wanaosema, kila taa inapozimika, kwamba mwekezaji alikuwa afadhali. Naomba nafasi nieleze kwa nini naona pande zote mbili zinabishania jina lililoandikwa juu ya risiti, ilhali bei tunayolipa na muda tunaosubiri transfoma ibadilishwe huamuliwa na masharti ya mikataba ambayo mlipaji haelezwi kwa lugha anayoielewa. Na sasa Serikali inapanga kuyaunganisha makampuni yake matatu ya umeme.

Bodi ya Umeme ya Uganda, UEB, iliundwa mwaka 1948, mhandisi Mwingereza Charles Westlake akiwa mwenyekiti wake wa kwanza. Kabla ya hapo, taa za Kampala na Entebbe zilikuwa chini ya kampuni ya East African Power and Lighting, yenye makao yake Kenya. Bodi hiyo ndiyo iliyojenga bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambalo leo tunaliita Nalubaale, na Malkia Elizabeth wa Pili akalifungua tarehe 29 Aprili 1954. Mitambo yake kumi ilipangwa kutoa megawati 150, kiasi ambacho Uganda ya wakati ule haikuwa na viwanda vya kukimaliza. Kwa hiyo mwaka 1955 ukatiwa saini mkataba wa kuiuzia Kenya umeme kwa miaka 50, na mwaka 1958 umeme ukaanza kuvuka mpaka.

Sisi wa Tororo tunaikumbuka njia hiyo kwa namna yetu. Kiwanda cha saruji kilipata umeme, na nyaya kubwa zikaendelea na safari yake kuelekea Nairobi, zikipita juu ya mashamba ya mtama na mihogo ambayo wenyewe waliendelea kuwasha koroboi kwa miaka mingi baadaye. Sisemi kwamba kuiuzia Kenya lilikuwa kosa, kwa maana bwawa lilikuwa na deni na deni lilihitaji mnunuzi. Nasema kwamba ahadi ya nusu karne ilitolewa, na aliyeishi chini ya nyaya hakuwapo mezani.

Misri ilikuwapo. Kwa kuwa bwawa lile liligusa maji ya Nile, Misri ilichangia fedha, na katika makubaliano yake na Uingereza ya mwaka 1949 ikahakikisha imeandikwa kwamba mhandisi wake atakaa Jinja kuangalia maji yanayoachiwa. Huyo ndiye mshirika aliyejua maana ya mkataba: hakuridhika na ahadi, aliweka mtu wake kando ya geti.

Habari za kudhoofika kwa UEB zinajulikana, nami sitazirefusha. Miaka ya vurugu ilikula mitambo na vipuri, umeme ukaibwa, ankara hazikulipwa, na taasisi za Serikali zenyewe zilikuwa miongoni mwa wadaiwa. Sheria ya Umeme ya mwaka 1999 ikaleta mdhibiti, ERA, na mwaka 2001 bodi ikagawanywa makampuni matatu: UEGCL ya kuzalisha, UETCL ya kusafirisha na UEDCL ya kusambaza. Mitambo ya Jinja ikakodishwa kwa Eskom ya Afrika Kusini mwaka 2003, na nguzo na mita zetu zikakodishwa kwa Umeme kuanzia Machi 2005, kila mkataba ukiwa wa miaka 20.

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Umeme ilipoanza, upotevu wa umeme ulikuwa takriban asilimia 38, yaani katika kila yuniti 100 zilizoingia kwenye nyaya za usambazaji, 38 hazikulipiwa. Ilipoondoka, upotevu ulikuwa chini ya asilimia 20, na wateja, ambao mwanzoni hawakufika 300,000, walikuwa wamepita 2,000,000. Mita za Yaka, ambazo mteja hununua yuniti kwanza na kubonyeza tarakimu za tokeni mwenyewe, zilisaidia sana kupunguza madeni. Asiyekubali hayo anaonea. Lakini mkataba uliipa kampuni faida ya asilimia 20 kwa mwaka juu ya mtaji wake ulioidhinishwa, faida iliyokusanywa kupitia bei tunayolipa, na ukasema pia kwamba fedha ambazo hazitakuwa zimerudi mkataba utakapokwisha zitalipwa na Serikali. Wanaodhani faida hiyo yote iliruka ng'ambo wakumbuke kwamba hisa ziliuzwa katika soko la Kampala mwaka 2012, na mfuko wetu wa akiba ya wafanyakazi, NSSF, ukawa miongoni mwa wanahisa wakubwa. Mfanyakazi wa Uganda alikuwa analipa kwa mkono wa kulia na kupokea kidogo kwa mkono wa kushoto, bila kuulizwa kuhusu mkono wowote.

Kipengele hicho cha malipo ya mwisho ndicho kilichotubana. Kadiri mkataba ulivyokaribia ukingoni, kila dola mpya iliyowekezwa iliongeza fidia ambayo Serikali ingedaiwa, na kwa hiyo uwekezaji ukabanwa wakati ambapo wateja walikuwa wanaongezeka kila mwezi. Matokeo yake ni transfoma zilizobebeshwa kuliko uwezo wake.

Mimi ninaendesha mashine ya kusaga nafaka, na mwenye mota ya fezi tatu huijua hali ya transfoma kabla fundi hajafika. Jioni, watu wanaporudi nyumbani na kuwasha pasi na majiko, mota huanza kunguruma kwa sauti nzito, mkanda huteleza na kutoa harufu ya mpira ulioungua, unga hutoka chenga, na akina mama waliopanga madebe yao huanza kutazamana. Ukiendelea kulazimisha, waya wa ndani ya mota huungua, na kuusuka upya kwa fundi ni gharama inayokula faida ya wiki kadhaa. Hali hiyo haitibiwi na nembo mpya kwenye magari. Hutibiwa na transfoma kubwa zaidi na waya mnene zaidi, na vitu hivyo vina bei.

Serikali ililipa dola milioni 118 kama fidia, kampuni ikakataa hesabu hiyo na kudai kiasi kikubwa zaidi, na mgogoro ukapelekwa kwa wasuluhishi London. Lolote litakaloamuliwa huko, mlipaji wa mwisho anajulikana, ingawa jina lake halimo katika jalada.

Upande wa uzalishaji una vipengele vyake pia. Mwaka 2005 na 2006 kina cha Ziwa Victoria kiliposhuka, maji ya Nalubaale na ya bwawa jirani la Kiira yalipungua, mgao wa umeme ukawa maisha ya kila siku, na majenereta ya dizeli yaliyokodishwa kwa haraka yakapandisha bei. Ndipo Bujagali, bwawa jingine la mto Nile, ambayo ilikuwa imekwama tangu mwekezaji wake wa kwanza, AES, alipojiondoa mwaka 2003, ikaanza kujengwa tena na kuzinduliwa mwaka 2012 ikiwa na megawati 250. Mkataba wake ni wa miaka 30, na mitambo hulipiwa kwa kuwa tayari kuzalisha, hata kama umeme wenyewe haukununuliwa wote. Isimba ikafuata mwaka 2019 ikiwa na megawati 183, kisha Karuma yenye megawati 600, iliyozinduliwa rasmi Septemba 2024, zote mbili kwa mikopo ya Benki ya Exim ya China. Kwa maneno mengine, umeme wa kuzalishwa tunao, na madeni yake tunayo. Kinachokosekana ni fedha za kuufikisha kijijini ukiwa na nguvu kamili.

Ndiyo maana mpango wa kuyaunganisha tena makampuni matatu ya Serikali kuwa shirika moja unanipa wasiwasi, ingawa sioni ubaya katika kupunguza wakurugenzi na magari yao. Hatari iko kwenye sanduku la fedha. Fedha anazolipa mteja zikiingia katika mfuko mmoja, wa kwanza kuhudumiwa atakuwa mkopeshaji wa bwawa, ambaye ana mkataba wenye tarehe na adhabu. Transfoma ya mtaa haina mkataba na mtu yeyote, na katika foleni ya namna hiyo itakuwa ya mwisho kila mwaka.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Nishati na ERA mambo matatu kabla muungano huo haujakamilishwa. Masharti ya leseni ya UEDCL, pamoja na viwango vya upotevu na muda wa kurudisha umeme ambavyo kampuni imeahidi, yatolewe kwa Kiswahili na lugha zetu nyingine na kubandikwa katika kila ofisi inakolipiwa huduma. Sheria ya muungano iweke akaunti ya usambazaji iliyotengwa, isiyoweza kuguswa kwa ajili ya mikopo ya mabwawa. Na kila robo mwaka itangazwe, wilaya kwa wilaya, kiasi cha umeme kilichoingia, kilicholipiwa na kilichopotea, pamoja na madeni ya kila taasisi ya Serikali kwa jina lake. Misri ilipewa mhandisi wa kuangalia maji yake pale Jinja. Mteja wa Uganda haombi mhandisi, anaomba karatasi hiyo moja.

Wabunge wetu wa mashariki wanaweza kuanza kwa kuiomba karatasi ya robo ya mwaka iliyopita.

Mwenye mashine ya kusaga,
Tororo