Shemeji, besi yangu haikuwa imelala

Shemeji,

Ujumbe wako nimeupata. Mistari miwili tu, kama mtu anayeuliza njia: unashikaje gruvu moja ya besi, mstari ule ule unaozunguka, robo saa nzima, wenzako wanapokezana solo, bila wewe kuchoka na bila watu kukuchoka? Hali yangu hukuuliza. Haya, mimi ni mzima.

Ningeweza kukupigia. Nimeamua kukujibu hapa wanaposoma watu, kwa sababu na lile neno lako ulilisema mbele za watu. Mdogo wangu ananibembeleza yaishe. Ananiambia tangu bendi yenu ikose mpiga besi na wewe ukajitosa, umekuwa mpole, unakaa sebuleni na hedifoni unarudiarudia kitu kile kile mpaka watoto wanakiimba. Nimecheka peke yangu. Mpuliza saksofoni kashika besi! Wewe uliyekuwa ukisema besi ni chombo cha walioshindwa gitaa.

Lakini swali ni swali, na sijawahi kukunyima kitu. Sikiliza basi.

Kila anayeanza hudhani uchovu wa gruvu unatibiwa kwa noti. Mstari una noti sita, ameshaupiga mpaka vidole vinawasha, basi anaongeza ya saba, kesho ya nane, mwisho anapiga solo yake chini ya solo ya mwenzake. Juu mtu anajaribu kusema jambo, chini kuna mwingine anamkatiza. Wewe anza na urefu wa noti, idadi iache ilivyo. Chukua noti ya mwisho ya mstari wako, iache ilie mpaka kipimo kinachofuata, yaani fungu jingine la mapigo, kiingie. Ukishatulia hapo, anza kuikata mapema: legeza kidole cha mkono wa kushoto, kisitoke juu ya uzi, sauti ife yenyewe. Noti ni zile zile, ila kile kijinafasi kilichofunguka kabla ya sneya, ile ngoma kali ya drams, kinamfanya mpiga drams asikike amebadilisha mchezo, na wala hajagusa kitu. Kaa hivyo vipimo vinane au kumi na sita. Ukibadilisha kila raundi, watu hawasikii kwamba umebadilisha, wanasikia kwamba umeyumba.

Halafu mahali pa kupigia. Noti ya A unayo kwenye uzi wa A ukiuacha wazi, na unayo pia kwenye freti ya tano, zile chuma za shingoni, ya uzi wa E. Kimo ni kile kile, sauti mbalimbali: ile ya uzi wazi inang'aa, ile ya uzi mnene ni nzito na butu kidogo. Mstari mzima unaweza kuuhamishia huko bila kugusa noti hata moja. Mkono wa kulia nao una safari yake. Karibu na shingo sauti ni ya duara, karibu na daraja, kule nyuzi zinakofungwa, ni kavu na kali. Mimi solo ikianza nakuwa juu ya shingo, mwenye solo akipanda nasogea kidogo kidogo kuelekea darajani. Hapo nimebadilisha nini? Vidole tu vimehama kiasi cha kiganja, na bendi nzima imeongeza moto.

Noti bubu ziweke baadaye. Namaanisha zile unazotoa kwa kugusa uzi wakati mkono wa kushoto umeuziba, inatoka tik tu, haina kimo. Msikilize mpiga besi Rocco Prestia alivyokuwa akifanya na bendi ya Tower of Power: noti nne katika kila pigo, kwa vidole, mkono wa kushoto unaziba hata noti zenye kimo, kila moja inatoka fupi kavu. Ukijaribu utaona kilichokuwa kinamchosha si mkono wa kulia bali ule wa kushoto, wa kuziba. Ila usizianze mapema. Ukizimwaga kwenye solo ya kwanza, ya tatu utakuwa huna akiba.

Na pigo la kwanza usiliguse. Mpiga besi Bootsy Collins alipoingia kwa James Brown mwaka 1970 alikuwa kijana wa noti nyingi, na alichosisitiziwa na mzee ni hicho: tua kwenye pigo la kwanza, ukishatua, katikati hapo fanya unalotaka. Siku utakayoliacha pigo la kwanza tupu, liwe jambo. Mara moja kwa wimbo, solo ikiwa kileleni, kipimo kimoja unanyamaza pale wote wanapokusubiri, halafu unarudi. Mara mbili ni mchezo wa kitoto.

Sasa tufike pale uliposema lile neno lako.

Wimbo wa mwisho, ule wa kodi moja, yaani fungu moja la noti za pamoja, E mwanzo mwisho. Ulikuwa ndani ya solo yako, raundi sijui ya ngapi. Ukatoa saksofoni mdomoni, ukageuka, ukawapa watu mgongo, ukawa unaufuta mdomo wa saksofoni kwa kidole gumba huku unanitazama. Maikrofoni ilikuwa imebanwa kwenye saksofoni, na wewe ulijua imebanwa hapo. Ukasema: "Jamani mwamsheni mpiga besi, amelala."

Ukumbi mzima ukacheka. Mpiga kinanda akacheka. Yule wa mitambo kule nyuma akacheka. Mimi vidole havikusimama, na nilitabasamu pia, ukitaka kujua, kwa sababu mdogo wangu alikuwa amekaa mstari wa mbele na wakati ule mlikuwa mmeshavishana pete. Ningefanya nini? Ningetupa besi nishuke jukwaani?

Hukunitaka radhi usiku ule, hukunitaka radhi siku ya harusi, na huu ujumbe wako wa mistari miwili nimeusoma mara kadhaa nikiitafuta radhi ndani yake. Haimo.

Rekodi ya usiku ule ninayo. Nimeisikiliza nikiwa na hasira na nimeisikiliza hasira zikiwa zimepoa, jibu ni lile lile. Tangu ulipoanza kwenda kasi kule juu, mimi nilikuwa nimeshaiondoa noti ya pigo la nne. Nikahamia uzi mnene. Nikashusha sauti, kwa vidole, si kwa kitufe. Mpiga drams alikuwa ametoka kwenye haihati, zile sahani mbili za mguu, kaenda kwenye sahani kubwa, akisikika kila mahali, na mtu mmoja ilibidi apunguze ili wewe usikike. Nikapunguza mimi. Uliloliita usingizi ndilo lililokuwa limekupa nafasi ya kujitapa! Mpiga besi kwenye solo ndefu ni mtu wa kushika ngazi wewe ukiwa umepanda: ukimwona hatikisiki, humwambii acheze.

Na sikiliza baada ya kicheko. Unarudisha saksofoni mdomoni, unaingia, na humo ndani umepotea. Vipimo viwili unatapatapa, hujui pigo la kwanza liko wapi, kwa sababu ulipokuwa unafanya vichekesho ulikuwa umeacha kuhesabu. Kisha unatua. Umetua juu ya nini, shemeji? Juu ya E yangu, pale pale nilipokuwa tangu mwanzo.

Tena wewe ndiye uliyenisikilizisha mpiga besi Michael Henderson, tukiwa bado tunagawana hedifoni moja, sikio lako sikio langu. "Right Off", kwenye albamu ya Miles Davis iitwayo Jack Johnson, iliyotoka 1971. Karibu dakika 27. Henderson alikuwa hajatimiza hata miaka 19 walipoirekodi Aprili 1970, katolewa kwa Stevie Wonder. John McLaughlin yuko na gitaa kwenye E, kisha analihamishia B flati. Besi inabaki E. Wengine husema kijana hakusikia kwamba gitaa limehama. Iwe hivyo. Miles anaingia na tarumbeta hapo hapo, katikati ya ule mgongano, na noti inayokaa vizuri pande zote mbili. Ulirudisha nyuma ile sehemu ukaniambia nisikilize tena. Uliniambia, "Unasikia? Besi haijahama." Macho yalikuwa yanakung'aa. Mimi nilichokifanya pale jukwaani nilifundishwa na wewe.

Basi, tuendelee. Kujazia. Utataka kujazia, nakujua. Jazia penye pumzi ya mwenzako, mwisho wa vipimo vinane au kumi na sita, noti tatu nne zinazokuleta kwenye pigo la kwanza, ya mwisho ikitokea nusu toni chini au juu ya pale unapotua. Mpuliza tarumbeta au saksofoni ni rahisi, lazima avute hewa. Wewe pumzi yako nilikuwa naijua kuliko mtu yeyote kwenye bendi: unavuta kwa pembe ya kushoto ya mdomo, bega linapanda kidogo, nami nilikuwa nakujibu hapo hapo kabla hujarudi. Hukuwahi kusikia hilo, au ulisikia ukadhani ni bahati. Mpiga kinanda na mpiga gitaa ndio shida, hawahitaji hewa, wanaweza kwenda mpaka asubuhi. Hao utawatengenezea pumzi wewe. Kata mstari nusu, piga kipande cha kwanza tu, cha pili kiache kimya. Mwenye masikio ataiona nafasi. Asiye na masikio, Mungu amsaidie.

Solo mpya ikianza, rudi kwenye mstari mtupu, vile ulivyoupiga wimbo ulipoanza. Hili wanalisahau hata wakongwe. Wa kwanza amekupandisha, noti bubu zimekolea, uko darajani, halafu wa pili anaanza taratibu na wewe bado unawaka. Huyo atakwenda wapi? Atalazimika kuanza kwa kelele. Shuka, umpe mahali pa kuanzia. Ukihesabu hivyo, dakika 15 zinakuwa safari tatu nne fupi, na kichwa chako kina kazi muda wote. Kuchoka unakosema ni kwa sababu unaisikiliza besi yako peke yake. Sikiliza anayepiga solo, mkono utajua.

Ukiwa nyumbani, metronomu isikugongee kila pigo. Iweke igonge la pili na la nne, ukishazoea iweke igonge mara moja kwa kipimo, kisha mara moja kwa vipimo viwili. Jirekodi. Utasikia unavyokimbilia, maana wapuliza saksofoni wote mnakimbilia, na usibishe, nimekaa nyuma yako muda mrefu.

Nilitaka niishie hapo, ila mdogo wangu ameniambia una onyesho mwezi ujao, na kwamba mpuliza saksofoni mliyempata ni kijana machachari, solo zake haziishi. Nimefurahi kuliko inavyofaa. Siku akikugeukia, macho yako yawe kwa mpiga drams, mguu wake wa kulia ndio mwenzako. Nitakuja kusikiliza, nitakaa mbele, sitasema kitu.

Wasalimie watoto. Na ule waya wangu mrefu wa amplifaya, mweusi, wenye utepe mwekundu kwenye ncha, uko kwako tangu kabla ya harusi. Uje nao.