Watu 100,000 juu ya daraja moja?

Bwana Mhariri,

Nimenyamaza miaka kumi na minne. Nilinyamaza hata siku mlipoweka bei ya mfuko wa unga mara mbili kwenye ukurasa mmoja, huku bei moja na kule nyingine. Ila makala yenu ya kukumbuka maandamano ya Washington dhidi ya vita vya Vietnam, pamoja na yale maneno mliyoyaweka chini ya picha, siwezi kuyameza. Mmeandika kwamba watu 100,000 walikuwa juu ya daraja wakielekea Pentagon, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Juu ya daraja! Wote, kwa pamoja!

Daraja lenyewe ni Arlington Memorial Bridge. Urefu wake ni kama mita 660 na upana kama mita 27, njia za miguu za pembeni zikiwemo. Zidisheni, mpate mita za mraba 17,820. Gawanyeni kwa watu 100,000: kila mmoja anabaki na mita ya mraba 0.18, yaani kimraba chenye upande wa sentimita 42. Chukueni chaki, mkichore sakafuni pale ofisini. Mmoja wenu asimame ndani, mwingine asimame kwenye kimraba cha mbele yake, wengine kushoto, kulia na nyuma, kisha jaribuni kupiga hatua kumi. Hamtafika ya tatu. Hapo watu hawaandamani, wanabanana mbavu, na akianguka mmoja ndipo wanapokufa watu. Anayetembea na wenzake bila kukanyagwa visigino anataka karibu mita ya mraba moja nzima. Kwa hiyo daraja lile likijaa ukingo kwa ukingo hubeba watu 18,000 hivi kwa wakati mmoja. Waliobaki wako nyuma wanangoja, au wamekwisha vuka, au wameshika njia ya nyumbani.

Na ndivyo mambo yalivyokwenda Jumamosi ile, 21 Oktoba 1967. Wale 100,000 ni hesabu ya mkutano wa mbele ya jengo la kumbukumbu ya Lincoln, tena hesabu ya juu. Waliovuka na kufika Pentagon hukadiriwa kati ya 35,000 na 50,000, na waliokamatwa walizidi 600. Mkutano ni kitu kimoja, msafara ni kitu kingine. Anayesikiliza hotuba kwa saa mbili huchoka, hukumbuka basi lake, hukumbuka mtoto. Mwandishi wenu kachukua namba ya mkutano, kaibandika juu ya daraja.

Hesabu hii si uchawi wa wapima ardhi. Ilizaliwa katika maandamano mengine ya kupinga vita hivyohivyo vya Vietnam. Herbert Jacobs, mwandishi wa habari aliyekuwa akifundisha Berkeley, California, aliwaangalia wanafunzi waandamanaji akiwa dirishani, na uwanja waliosimama ulikuwa na mistari iliyougawa kama daftari la hesabu. Akahesabu watu wa vimraba vichache, akazidisha. Vipimo vyake vinatumika mpaka leo: watu wakisimama kwa nafasi, mkono unafika kwa jirani, kila mtu mita ya mraba 0.9, wakikaribiana, 0.4; wakibanana kama kwenye basi la saa kumi na mbili jioni, 0.23. Angalieni tena ile 0.18 yenu.

Halafu picha. Mmezichanganya mbili. Msichana wa miaka 17 mwenye ua moja mbele ya safu ya askari ni picha ya Marc Riboud, Mfaransa. Kijana anayechomeka maua kwenye midomo ya bunduki ni ya Bernie Boston wa gazeti la Washington Star. Nyinyi mmeweka ya msichana, mkaeleza ya kijana, mkaandika jina la Mfaransa. Najua wahariri wa huyo Bernie Boston wenyewe hawakuiona thamani ya picha yake, wakaitia kurasa za ndani. Kwa hilo mna wenzenu.

Lakini kilichonitia hasira kabisa ni sentensi ya mwisho, kwamba sisi Wakongomani hatuna kumbukumbu ya namna hiyo, hatujawahi kusimama kudai vita viishe. Hivi mwandishi huyo alikuwa wapi? Bukavu, mashariki ya nchi yetu, mapema 2000, chini ya waasi wa RCD, raia walifunga maduka na masoko siku kadhaa, ile tunayoiita ville morte, mji mfu. Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, aliyekuwa amelaani vita na uporaji katika ujumbe wake wa Noeli ya 1999, alizuiwa Februari hiyo asiendelee na kazi Bukavu, akapelekwa Butembo. Alirudi 14 Septemba 2000, na 4 Oktoba akafia Roma. Mwishoni mwa Februari 2001, vita vikiwa bado vinawaka, raia wa Ulaya, wengi wao Waitaliano waliokuja na padri Albino Bizzotto wa Padova, walifika Butembo wakakaa na watu wa pale kuzungumzia amani. Wazo lao la kwanza lilikuwa kwenda Bukavu. Hayo yote yamo katika kumbukumbu za miji hiyo, hayahitaji kuvuka bahari. Shida ni kwamba mlango uliofungwa hauna bango, kwa hiyo haupigwi picha. Ila unahesabika! Chukua avenyu moja, hesabu milango ya biashara 100 mfululizo, rudi saa nne asubuhi uone mingapi iko wazi. Rudi tena saa tisa, kwa sababu wapo wanaofungua kwa siri kuuza mkate na mafuta ya taa. Ukikuta sita asubuhi na thelathini alasiri, una habari kamili: mji uligoma nusu siku.

Sasa turudi hapa Lubumbashi, maana ugonjwa ni uleule. Yale matembezi ya amani mliyoyaripoti mwezi uliopita mliyapa watu 50,000. Uwanja walikoishia, kwa kamba, ni mita 80 kwa 60. Toa jukwaa, magari ya wakubwa na hema la maji, zinabaki mita za mraba 4,500. Katika picha yenu watu wamesimama kwa nafasi, mtu anaonekana akipita na beseni la karanga kichwani bila kumgusa yeyote. Basi ni 0.9 kwa mtu: watu 5,000. Hao 50,000, hata wangekaribiana, wangetaka mita za mraba 20,000, yaani karibu viwanja vitatu vya mpira. Mmeongeza sifuri moja. Na msiseme mlihesabu njiani, kwa sababu njiani huhesabiwa hivi: watu wawili, mmoja theluthi ya kwanza ya safari na mmoja theluthi ya pili, kila mmoja akichagua mstari barabarani, nguzo ya umeme kwa mfano, na kuhesabu wanaouvuka kwa dakika moja katika kila dakika tano. Wakivuka 120 kwa dakika na msafara ukipita kwa dakika 40, ni 4,800. Mwenzake akipata 3,000, watu wamekatika njiani. Akipata 6,000, wameungana nao njiani. Kosa la kawaida ni kusimama pale msafara unapoanzia, ambapo kila mtu yupo, amesongamana na anapiga kelele. La pili ni kuwahesabu wanaotazama ukingoni, wauza maji na madereva wa pikipiki waliozuiwa na msafara. Hao hawaandamani, wamekwama.

Na wale wanafunzi wenye sare za shule mstari wa mbele, nao mmewahesabu kama wapenda amani. Waliletwa. Walitoka darasani saa tatu, wakapewa tisheti juu ya sare, wakarudishwa saa saba bila hata mkate. Kifungu cha 26 cha Katiba ya 2006 kinasema wazi kwamba hakuna anayeweza kulazimishwa kushiriki maandamano. Kifungu hichohicho kinawataka waandaaji waiarifu serikali kwa maandishi. Waiarifu, Bwana Mhariri! Barua inapelekwa, nakala inagongwa mhuri wa kupokelewa, mwandaaji anaiweka mfukoni. Hakuna neno kibali mle. Lakini kila wiki gazeti lenu linaandika "maandamano yasiyo na kibali", na polisi wanasoma, na wao wanajifunza msamiati kutoka kwenu. Kwa mwaka mmoja nimekata na kuhifadhi vipande kumi na vitatu vyenye maneno hayo. Viko kwenye bahasha, nikihitajiwa nitavileta.

Hata kwingine namba zinagombaniwa. London, 15 Februari 2003, siku ya kupinga vita vya Iraq, polisi walisema 750,000, waandaaji wakafika milioni mbili. Gazeti lenye heshima linaandika zote mbili na kusema nani kasema ipi. Nyinyi mnaandika moja, bila mwenyewe.

Ninachoomba ni kidogo. Kabla ya kuchapa namba ya watu, mwandishi aandike pembeni upana na urefu wa mahali alipokuwa. Akishindwa kupima, ahesabu hatua zake. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75. Akishindwa kuhesabu hatua, achape tu "walikuwepo watu". Na kwenye makala ya kumbukumbu, ile ya 1967 na hizi zetu, msiruhusu maneno ya chini ya picha yaandikwe na mtu ambaye hajaiona picha.

Kamba ya mita 50 nimeiacha kwa mlinzi wa lango lenu, ile ya njano, pamoja na vipande viwili vya chaki. Mita tatu za mwanzo zimefutika namba, kwa hiyo anzieni kupima kwenye 3, kisha mtoe 3 mwishoni. Msisahau kutoa.

Mpima ardhi mstaafu,
Katuba, Lubumbashi