Ondoeni kamba ya nguo kabla ya kubonyeza

Mhariri,

Mwezi uliopita tulimzika dada yangu mkubwa kule Rabai. Kwenye simu za wanawe na wajukuu mlikuwa na picha zake zaidi ya 400, nasi tulikaa usiku kucha tukizipekua tupate moja tu ya kutia kwenye tanzia na kwenye jalada la kijitabu cha mazishi. Hatukuipata. Katika hii amekatwa paji la uso. Katika ile yuko wazi, lakini nyuma yake wanaume watatu wanakula pilau. Nyingine ilikuwa nzuri mno, anacheka vile alivyokuwa akicheka, ila tangi jeusi la maji limekaa juu ya kichwa chake kama mzigo.

Mwishowe tulichagua ya harusi ya mjukuu wake. Mkono wa mama mwingine ulikuwa begani kwake, na nguzo ya hema ikichomoza utosini. Kijana wa duka la uchapaji akatuambia tusiwe na wasiwasi, programu itafuta vyote. Ikafuta kweli. Nilipopewa kijitabu kanisani niliona kwamba pamoja na ule mkono, sikio la kushoto la dada yangu pia halipo, na hereni yake imeyeyuka shingoni. Leso (kanga) aliyojifunga ilikuwa na jina, yaani msemo ulioandikwa, kama leso zote, na jina lile lilikuwa limegeuka michirizi isiyo herufi za lugha yoyote. Watu 200 na zaidi walikwenda nyumbani na picha ile.

Simlaumu yule kijana. Alifanya aliloombwa, na muda haukuwapo. Picha ile iliharibika siku ya harusi, na hatua mbili za kwenda kushoto zingeiokoa. Ndiyo sababu ninaandika.

Nilianza kupiga picha mwaka 1978 katika stodio moja ya mjini Mombasa. Tulitumia Yashica ya lenzi mbili, ile inayoshikwa tumboni. Unainama, unatazama chini kwenye kioo, na mtu unamwona kulia kwake kumekuwa kushoto. Roli moja ilitoa picha 12, basi. Kwa kuwa kila kitu kimegeuka, jicho halikimbilii usoni. Linazunguka kioo chote, na hapo ndipo linapoiona ndoo iliyosahauliwa pembeni. Mzee aliyenifundisha kazi hakuniruhusu kubonyeza mpaka nimejibu swali lake: "Nyuma ya kichwa kuna nini?" Nikijibu "hakuna kitu", alikuja kuangalia mwenyewe.

Pwani hii watu walijua zamani kwamba nyuma ya mtu ni sehemu ya picha. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni miaka ya 1990 walijitengenezea vibanda vyenye mandhari ya kuchorwa, meli na maua, ili msafiri asipigwe picha akiwa na vumbi la kituo cha matatu nyuma yake. Marehemu Omar Said Bakor wa Lamu alisifika kwa kuunganisha picha, akimtoa mtu alipo na kumweka katikati ya mapambo, tena kwa mikono yake, kompyuta hazijafika. Na kule Bamako, Mali, Seydou Keïta alitundika shuka la kitanda chake mwenyewe nyuma ya wateja, na picha zile leo ziko kwenye makumbusho makubwa ya dunia. Shuka la kitanda, ndugu zangu! Nani asiye nalo?

Tatizo la simu ni hili. Lenzi yake ni fupi, na kile kidude cha ndani kinachonasa mwanga ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kwa hiyo huonyesha karibu kila kitu kwa ukali mmoja, uso wa bibi na jerikeni iliyo mita 5 nyuma yake. Wewe ukimtazama bibi huioni jerikeni, kwa sababu moyo wako uko kwake. Simu haimjui bibi.

Basi mtoeni ukutani. Naona watu wakimbandika mzee kwenye ukuta kama anayepimwa urefu, kivuli chake kimemganda nyuma. Asogee mbele mita 2 au 3, ukuta ule ule utapoa na kutulia. Pahali pazuri kuliko pote nyumbani ni mlangoni. Mkalishe mzee ndani kidogo ya kizingiti, uso wake ukielekea nje, nawe usimame nje bila kumzibia mwanga. Mwanga utamfikia usoni taratibu, na chumba kilicho nyuma yake kitakuwa giza lisilo na kamba ya nguo wala kalenda ya duka. Sina stodio tena, lakini mlango ninao.

Kama mko uwanjani na hakuna pa kwenda, badilisheni kimo cha simu. Ukiishusha hadi usawa wa kiuno na kuielekeza juu kidogo, vibanda na pikipiki vinashuka, na nyuma ya kichwa inabaki mbingu. Hapo mguse uso wake kwenye kioo cha simu, la sivyo mbingu itang'aa na uso utakuwa mweusi tii. Ukisimama juu ya kiti na kupiga kuelekea chini, nyuma yake panakuwa mchanga au majani. Siku za sikukuu huwaona vijana kwenye zile sanamu kubwa za pembe za ndovu za Barabara ya Moi, mjini Mombasa. Mpigaji anarudi nyuma mpaka pembe zote nne zienee, na mchumba wake anakuwa mdogo kama siafu katikati ya tuktuk. Mlete mchumba karibu nawe, pembe ziache kule nyuma. Ni kubwa, zitaonekana tu.

Ila usimsogelee kupita kiasi. Lenzi ya kawaida ya simu ni pana, na ukiiweka sentimita 40 kutoka usoni pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma. Rudi hatua mbili, kisha ukate picha baadaye. Kukata ni halali kabisa, hakubuni kitu, kunaondoa tu. Lakini acheni nafasi juu ya kichwa, na msikate kwenye vifundo vya mikono wala shingoni.

Kuhusu ile hali ya simu ya kufifisha nyuma, itumieni mkijua kwamba mashine inakisia pale mtu anapoishia. Kwenye nywele za kipilipili, kwenye darizi za kofia na kwenye pindo za leso, hukosea mara nyingi. Zikuzeni mzitazame kingo kabla hamjafuta ile picha ya asili. Mpwa wangu aliifuta ya harusi, ikabaki hii isiyo na sikio.

Mhariri, nina ombi kwako. Kwenye ukurasa wa tanzia mnaandika bei na siku ya mwisho ya kupokea matangazo. Ongezeni mstari mmoja: picha ya kichwa na mabega, mtu akiwa peke yake, haijafutwa kitu. Familia zikiusoma mapema, zitajua ni picha gani hazina.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa kaka yangu, ana miaka 81. Nilimwambia wazi nimekuja kwa ajili gani, naye akaniambia ngoja, akaingia ndani, akatoka na shati jeupe na kofia yake ya kanisani. Nilimkalisha kizingitini. Mjukuu alishikilia mlango. Niliona kijiti cha ufagio kwenye kona ya kushoto, nikaenda kukiondoa, nikarudi. Tulipiga picha 6, na ya nne ndiyo yenyewe. Niliipeleka kuchapwa mara tatu, moja yake, moja yangu, moja ya wanawe walioko Nairobi, na nyuma yake nikaandika tarehe kwa penseli.

Mpiga picha mstaafu,
Changamwe, Mombasa