Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Habari za Watoto Wetu Tunazipata Wapi

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na orodha ya vikao anayo katibu, kwa hiyo sitazigusa. Muda wangu nataka niutumie kwa jambo moja lililoninyima usingizi mwaka huu: kwa nini habari za watoto wetu tunazikuta kituo cha polisi kabla hatujazisikia nyumbani.

Chama hiki cha wazazi tulikianzisha kwa hofu. Mnaikumbuka Januari 2015, siku ambayo Dar es Salaam ilifunga milango mapema kwa taharuki ya Panya Road, yale makundi ya vijana waporaji. Mnaikumbuka pia Septemba 2022, vijana wenye mapanga walipovamia nyumba za watu Chanika na Kawe. Tulipokutana sisi wazazi wa Mbagala baada ya hapo, tuliwazungumzia vijana wale kama nzige waliotoka mbali, na hakuna aliyeuliza kila mmoja wao alilala nyumba gani na nani alimfungulia mlango. Kazi zetu za kwanza zikawa doria za usiku na daftari la majina ya watoto watukutu. Daftari nitalirudia.

Mwezi Aprili mama mmoja mwanachama aligonga kwangu saa tano usiku. Mwanawe wa miaka 15 alikuwa amekamatwa na wenzake wawili, wakituhumiwa kumpora mtu simu. Tulikaa kwenye benchi la kituo mpaka alfajiri, na usiku kucha alikuwa akirudia neno lile lile: "Mwenyekiti, mtoto huyu namjua." Asubuhi afisa ustawi wa jamii alipozungumza na kijana mbele yetu, tukaona hatumjui hata kidogo. Tangu Februari hakuwa amekanyaga darasani. Kila siku alivaa sare, akaaga, akaenda kushinda kijiweni na madereva wa bodaboda. Dereva mmoja alijua yote, mpaka deni la simu lililomwingiza kwenye kundi lile. Kijana alipoulizwa kwa nini asimwambie mama yake, alieleza kwamba mwaka uliopita alipoteza hela ya mtihani, akasema kweli, akapigwa mpaka majirani wakaingilia. "Nikaona bora ninyamaze," akasema.

Mama huyo ameniruhusu niyaseme haya, na ninamshukuru mbele yenu. Si mama mkatili. Saa kumi alfajiri yuko njiani kwenda Feri kufuata samaki, anarudi giza limeingia, na hela ile ilikuwa mtaji wake. Mimi mwenyewe wanangu wakubwa niliwalea kwa fimbo nikiamini nawanyoosha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Basi tusimtazame yeye peke yake.

Mwezi Juni tulimwalika afisa yule aje atufundishe, na siku ile ndiyo ninayoiona kuwa kazi kubwa ya mwaka. Alitueleza habari za wavulana 411 wa kusini mwa London walioanza kufuatiliwa mwaka 1961, wakiwa na miaka minane au tisa, mpaka wakawa watu wazima. Walioingia kwenye uhalifu walitoka zaidi katika nyumba zenye kipato duni, na pia katika nyumba ambazo wazazi hawakufuatilia watoto wanakoshinda, au walitoa adhabu kali. Umaskini umo, na sitaki mtu atoke hapa akidhani nasema haumo. Mzazi anayerudi saa nne usiku hana muda wa kusikiliza, na muda huo hakuunyima kwa makusudi.

Kisha akatueleza kazi ya Håkan Stattin na Margaret Kerr, waliochunguza vijana wa Sweden na kutoa matokeo yao mwaka 2000. Kabla yao wengi waliamini kwamba mzazi anayejua nyendo za mwanawe anazijua kwa kumchunga na kumhoji. Wao walikuta anazijua hasa kwa sababu mtoto mwenyewe anamweleza. Baba mmoja akasimama: "Kwa hiyo tusiulize?" Akajibiwa aulize, ila akumbuke kwamba anavyopokea jibu la leo ndivyo mtoto anavyoamua kama kesho atasema tena. Ukumbi ulinyamaza. Nadhani kila mtu alikuwa anakumbuka jioni fulani.

Kesi ya kijana ilikwenda Mahakama ya Watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka shauri lisikilizwe faragha, bila mikwaruzano ya mawakili, afisa ustawi na mzazi wakiwepo, na inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha jela. Aliachiwa chini ya uangalizi, na Julai akarudi shule. Mama yake aliniambia kwamba chumba kile ndicho cha kwanza alimosikia mwanawe akizungumza dakika kumi mfululizo. Siku hizi Jumapili haendi Feri. Wanapika pamoja, na mengi ameyasikia hapo jikoni, mengine hakuyapenda, lakini mkono ameuzuia.

Kuhusu akina baba: methali ya asiyefunzwa na mamaye tumeifanya rungu la kuwapigia wanawake, huku mikutano yetu ikijaa wao watupu. Tulipohamishia kikao Jumapili saa kumi jioni, akina baba walianza kuja. Waliokuja naomba wawalete wenzao.

Sasa daftari. Nimelisoma upya ukurasa kwa ukurasa. Limo jina la mtoto wa miaka tisa. Sheria ya nchi inasema mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai, sisi tulishamhukumu. Na jina la kijana wa Aprili limo, limeandikwa Machi: "Anashinda kijiweni saa za shule." Mwezi mzima kabla hajakamatwa, chama kilijua na mama yake hajui. Nyumba yake iko mitaa miwili kutoka kwangu, na mwandiko ule ni wangu. Nimekwenda kumwomba radhi yeye na mwanawe, na leo nawaomba radhi ninyi.

Kamati inapendekeza, katika ajenda ya tatu, daftari lichomwe mbele ya mkutano huu. Badala yake, mwanachama akimwona mtoto wa mwenzake kijiweni saa za shule, aende kwa mzazi siku hiyo hiyo, kabla ya serikali ya mtaa na kabla ya polisi, na mzazi atakayepewa habari aahidi kumsikiliza mwanawe kwanza mpaka amalize. Nimekuja na daftari, liko mezani kwa katibu.

Naomba kuwasilisha.