Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Umra ya Wanafunzi, Kituo cha Misri na Ada Zisizolipwa

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu, walimu wa madrasa na vijana wetu, Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Kwa mujibu wa katiba ninawasilisha taarifa ya chama chetu ya mwaka 2024. Tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha leo, na tuwaombee maghufira wenzetu waliotangulia mbele ya haki ndani ya mwaka huu.

Shughuli za kawaida sitazirefusha, wengi mlikuwapo. Maulidi yalisomwa. Mashindano ya kuhifadhi Qur'ani yalifanyika na washindi walichukua zawadi zao. Futari ya yatima ilipikwa, shukrani kwa akina mama wa Mikumbi. Madarasa ya ziada ya kidato cha nne yaliendelea Jumamosi na Jumapili mpaka mtihani. Paa la madrasa ya Ng'apa limeezekwa upande mmoja, wa pili unasubiri fedha. Mengine yamo kwenye taarifa ya katibu.

Muda wangu nataka niutumie kwa jambo lililosemwa sana barazani, misikitini na kwenye simu zetu: Umra ya wanafunzi, yaani ziara ya ibada ya Makka, ya likizo ya Desemba, na uamuzi wa kupitia Misri. Yamesemwa maneno mazito. Imesemwa kwamba mwenyekiti ameigeuza ibada kuwa utalii. Imesemwa kwamba fedha za Mfuko wa Elimu zimeliwa na piramidi. Kwa kuwa mimi ndiye niliyelipendekeza jambo hili na kulisimamia tangu barua ya kwanza kwa wakala, ni haki yenu kusikia kutoka kwangu, na ni haki yangu kusikilizwa.

Nianze na namna uamuzi ulivyopita. Mkutano wa kwanza wa kujadili safari uliitishwa kwa tangazo misikitini baada ya Ijumaa na kwa ujumbe wa simu kwa kila mwanachama. Akidi haikutimia, tukauahirisha. Katiba yetu inasema mkutano ulioahirishwa kwa kukosa akidi, unaofuata utaendelea na waliohudhuria. Mkutano wa pili ulihudhuriwa na wanachama 27 kati ya 118. Hao 27 walikaa kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, wakauliza maswali makali, wakapitisha kwa kauli moja. Muhtasari upo na sahihi zao zipo. Wanaonung'unika leo, kwa sehemu kubwa, majina yao hayamo kwenye karatasi ya mahudhurio. Sisemi hivi kumuumbua mtu. Nasema kwa sababu nimeumia kuona wale waliojitolea muda wao wanaitwa "kikundi cha mwenyekiti".

Sasa hoja ya fedha. Wanafunzi walikuwa 19, wavulana 11 na wasichana 8. Gharama kwa kila mmoja ilikuwa Sh. 4,600,000, jumla Sh. 87,400,000. Wazazi walichanga Sh. 61,200,000, wengi wao kidogo kidogo kwa msimu wa ufuta na wa korosho tangu tulipofungua akaunti ya akiba. Wafadhili walitoa Sh. 16,400,000 na Mfuko wa Elimu ukatoa Sh. 9,800,000. Paspoti, Sh. 150,000 kila moja, mzazi alilipa mwenyewe, kadhalika chanjo. Walezi tulikuwa wanne. Mmoja, ustadh wetu, alibebwa na wakala kama desturi ya makundi. Sisi watatu tuliobaki tulijilipia mfukoni, na risiti yangu mweka hazina anayo.

Siku tatu za Cairo ziligharimu Sh. 310,000 kwa kila mwanafunzi: viza, malazi, chakula, basi na viingilio. Lakini tiketi ya kupitia Cairo ilikuwa nafuu kwa Sh. 270,000 kuliko ile nyingine tuliyoletewa, ambayo ingewakalisha watoto uwanja wa ndege usiku kucha. Kwa hiyo Misri, kwa hesabu halisi, imeongeza Sh. 40,000 kwa kila mtoto. Kwa wote 19 ni Sh. 760,000. Hiyo ndiyo fedha inayosemwa imeliwa na piramidi.

Hoja ya dini ni nzito kuliko ya fedha, na hapa naomba wazee wangu mnivumilie. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema mtu anayekwenda nyumba ya Mungu hapiti njiani kutazama mawe ya makafiri. Nilimfuata nyumbani kwake, nikakaa naye baada ya Alasiri, nikamweleza ninayowaeleza ninyi sasa.

Sisi watu wa pwani hii ni wa madhehebu ya Imamu Shafi'i. Si jambo la jana. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika Kilwa mwaka 1331, hapa hapa kwenye mkoa wetu wa Lindi, aliandika kwamba watu wake ni wa dini na wema, na madhehebu yao ni ya Shafi'i. Watoto wetu wanasoma fiqhi hiyo, yaani sheria za dini, madrasani kuanzia udhu mpaka mirathi. Imamu Shafi'i mwenyewe alizaliwa Gaza mwaka 767, akasoma Makka na kwa Imamu Malik huko Madina, akafia Misri mwaka 820. Kaburi lake lipo Cairo. Mwanafunzi anayepita Cairo akaambiwa asishuke, ataambiwa nini akiuliza kwa nini?

Tulikwenda. Juu ya kaburi kuna kuba kubwa la mbao lililofunikwa madini ya risasi, lililojengwa mwaka 1211 na Sultani al-Kamil wa ukoo wa Salahuddin. Kwenye kilele cha kuba, mahali ambapo kwingine huwekwa mwezi mwandamo, pamewekwa kijahazi cha shaba. Kijana mmoja wa Kitunda, baba yake ni mvuvi, ndiye aliyekiona kwanza akapiga kelele: "Ustadh, jahazi!" Wote wakasimama shingo juu. Mwenyeji wetu akaeleza kwamba zamani kilikuwa kikijazwa nafaka kwa ajili ya ndege. Ndani ustadh aliwasomesha masuala matatu ya twahara, usafi wa ibada, waliyoyazoea, kisha akawaonyesha: aliyeyapanga haya ndiye huyu. Tukasoma Fatiha, tukatoka. Hakuna aliyegusa kaburi wala kuomba kwa maiti. Wanaosema tumekwenda kuabudu makaburi wakumbuke kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuyazuru kisha akaruhusu, kwa kuwa yanakumbusha akhera.

Siku ya pili tulisali katika msikiti wa Amr ibn al-As, wa kwanza kujengwa Misri, mwaka 642, kisha tukaenda al-Azhar, msikiti ulio pia chuo kikuu, ambao ulianza kujengwa mwaka 970. Huko tulipokewa na vijana wa Kitanzania wanaosoma pale. Walikaa na wanafunzi wetu kwenye ua wa marumaru, miguu peku, wakawaeleza kwa Kiswahili jinsi ya kuomba nafasi, kiwango cha Kiarabu kinachotakiwa na maisha ya bweni. Wanafunzi wetu wanne wamerudi na fomu, mmoja wao msichana. Mnaouliza chama kimepata faida gani, anzeni na hao wanne.

Piramidi za Giza tulizitazama asubuhi moja. Nasema wazi kwamba nilitaka watoto wazione. Mwenyezi Mungu anasema katika Surat ar-Rum, aya ya 42, tutembee katika ardhi tuone ulikuwaje mwisho wa waliotangulia. Mfalme aliyejijengea kaburi zaidi ya miaka 4,500 iliyopita, mawe kwa mamilioni, na mwili wake haujulikani ulipo! Mahubiri mangapi yangefikisha hilo kwa mtoto wa kidato cha pili? Jioni tulisimama kando ya Mto Naili nikawakumbusha kwamba maji yale mengine yanatoka Ziwa Victoria kwetu, na kwamba Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa na kampuni za Misri.

Kuhusu kuanza na Misri badala ya kumalizia nayo, hilo nililisisitiza mimi. Nilitaka matembezi yaishe kwanza, na mtoto atoke Makka akielekea kwao. Pia tuliruka kutoka Cairo hadi Madina, kwa hiyo mikati yetu, mahali pa kuanzia ihramu, ikawa Dhul Hulayfa, pale Bir Ali, nje kidogo ya mji. Wanafunzi walioga kwa nafasi, wavulana wakafundishwa kuvaa ihramu bila haraka, wakasali rakaa mbili, wakatia nia wakiwa ardhini. Waliowahi kuhirimia ndani ya ndege huku marubani wakitangaza mikati wanajua tofauti yake.

Madina ilikuwa ya utulivu. Msikiti wa Quba, Uhud kwa Sayyidna Hamza, ami yake Mtume, na mashahidi wenzake, Msikiti wa Qiblatayn, kote tulifika. Kuingia Rawdha, sehemu tukufu ndani ya Msikiti wa Mtume, siku hizi ni kwa miadi ya programu ya simu ya Nusuk, na nafasi hujaa upesi. Mama mlezi wa wasichana alikesha sakafuni hotelini na simu mbili mkononi akiwatafutia saa, jina moja moja, mpaka wote wanane wakapata. Mama huyo anastahili shukrani za chama kizima na leo hayupo kwa sababu ya ugonjwa, tumwombee.

Limesemwa pia la wasichana kusafiri bila maharimu, yaani mume au ndugu wa kiume asiyeweza kuwaoa. Serikali ya Saudia iliondoa sharti hilo mwaka 2022. Ila mimi sikutegemea serikali, nilimuuliza ustadh. Katika fiqhi yetu Umra ni wajibu mara moja katika umri, na mwanamke anaruhusiwa kwenda kuitekeleza Umra hiyo ya wajibu akiwa na kundi la wanawake waaminifu. Wasichana wote walikuwa wamebaleghe, akina mama wawili walikuwa nao usiku na mchana, na wazazi wote walitia sahihi.

Na lile la "mtoto kupotea Makka". Hakupotea mtoto. Tulikubaliana kabla ya kutufu, yaani kuizunguka Kaaba, kwamba atakayeachana na kundi amalize mizunguko yake saba akihesabu kutoka kwenye taa ya kijani iliyo sambamba na Jiwe Jeusi, kisha akasubiri Lango la Mfalme Fahd. Kila mmoja alifunga kwenye mkoba wake kipande cha kanga ya rangi moja walichoshona akina mama hapa Lindi. Kijana alisukumwa na msongamano mzunguko wa tatu. Akamaliza yote saba peke yake, akasali nyuma ya Maqam Ibrahim, akanywa Zamzam, tukamkuta langoni amekaa. Huyo ni mtoto aliyefundishwa akafundishika. Mzazi wake hakulalamika. Waliolalamika ni watu waliopata habari nusu.

Mwisho wa hoja hii nawakumbusha historia yetu wenyewe. Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, yule aliyemkirimu Ibn Battuta, historia ya Kilwa inaeleza kwamba alipokuwa kijana, kabla hajatawala, alikwenda Aden akasoma, kisha akahiji. Alisoma njiani, ndipo akafika Makka. Basi Lindi inapomsafirisha mwanafunzi kwa elimu na ibada pamoja, mwenyekiti huyu hakuzua kitu. Namshukuru Mungu kwamba limefufuka katika kipindi cha uongozi wangu.

Nije kwenye ada, na hapa nazungumza kwa uchungu. Ada yetu ni Sh. 2,000 kwa mwezi, Sh. 24,000 kwa mwaka. Tulitegemea Sh. 2,832,000, tumepata Sh. 1,271,000, tunadai Sh. 1,561,000. Waliolipa yote ni 41. Waliolipa nusunusu ni 22. Wanachama 55 hawakutoa hata shilingi. Tukiwafuata wakati wa ufuta tunaambiwa tusubiri korosho, korosho ikiuzwa tunaambiwa malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, hayajaingia, yakiingia kuna harusi. Sisi sote ni wakulima na wavuvi, tunajua hali. Lakini wazazi waliochangia safari ya mamilioni walianza na elfu kumi kumi, na baadhi yao wanalima ekari mbili tu. Inakuwaje elfu mbili ishindikane? Katika hao 55 wamo wanaoandika maneno marefu zaidi kuhusu matumizi ya Mfuko wa Elimu. Mfuko huo hawajauchangia mwaka huu.

Mahudhurio nayo ni hivyo hivyo. Mikutano miwili ya robo mwaka haikufanyika kwa kukosa akidi. Kamati ya usafi wa makaburi imebaki na watu watatu. Viti tulivyokodi kwa mkutano wa Agosti vilirudi vingi havijakaliwa, na kodi ililipwa.

Kwa mwaka ujao, Inshallah, tunatarajia kumalizia paa la Ng'apa, kuwasaidia wanafunzi wanne wa al-Azhar kadiri uwezo utakavyoruhusu, na kuangalia uwezekano wa safari nyingine ya wanafunzi baada ya miaka miwili au mitatu. Vijana wamependekeza pia ziara ya Kilwa Kisiwani, ambayo ni karibu na gharama yake si kubwa, kamati italitazama. Kuna wazo la kiwanja, bado tunazungumza na wenyewe.

Vitabu vya hesabu, risiti za wakala, barua za wazazi na muhtasari wa mkutano ule wa wanachama 27 vitakuwa wazi ofisini kila Ijumaa baada ya sala kwa mwezi mzima. Mwenye swali afike avisome, mweka hazina atakuwapo na mimi nitakuwapo. Daftari la ada litakuwa juu ya meza hiyo hiyo.

Wabillahi tawfiq.

Mwenyekiti
Lindi