Malalamiko kuhusu vyumba mnavyowauzia wasafiri wa kikazi

Kwa Meneja Mkuu wa Hoteli

Ndugu Meneja,

YAH: MAZUIO YA FEDHA, ANKARA NA HALI YA VYUMBA VYA WASAFIRI WA KIKAZI

Wafanyakazi wetu walilala kwenu wiki iliyopita kwa bei ya mkataba, wakihudhuria mikutano mjini. Tunaandika sisi tunaoshughulikia safari na malipo yao, baada ya kukusanya maelezo ya kila mgeni na kupitia karatasi zote mlizotoa. Usafi hatuna neno nao, na wahudumu wenu wamesifiwa na wote. Shida ni kwamba chumba mnachokitangaza kuwa cha msafiri wa kikazi kimepangwa kipendeze kwenye picha, lakini kazi haifanyiki humo. Juu ya hapo, namna mnavyotoza kadi imefunga fedha ambazo hadi leo hazijaachiliwa. Tunaanza na hizo fedha.

Siku ya kuingia, mapokezi walizuia kwenye kadi ya kila mgeni gharama ya chumba pamoja na nyongeza ya dhamana. Hilo ni la kawaida, halina ubishi. Fedha iliyozuiwa bado ni ya mwenye kadi, ila hawezi kuitumia mpaka hoteli ikamilishe muamala. Siku ya kuondoka ilitakiwa mhudumu aufungue muamala uleule, aukamilishe kwa kiasi halisi cha ankara, na salio liachiliwe. Badala yake kadi zilipitishwa upya kwenye mashine kama mauzo mapya, na mazuio ya mwanzo yakaachwa yakining'inia. Kwa hiyo mgeni amelipa, na bado kiasi kingine kinachozidi alicholipa kimefungwa. Zuio lililosahauliwa huisha lenyewe baada ya siku kadhaa, wakati mwingine wiki kadhaa, kutegemea benki na aina ya kadi. Mwenye kadi ya mkopo ataona kero tu. Mwenye kadi inayochota moja kwa moja akauntini anaweza kukwama safarini. Tumeambatanisha namba ya idhini ya kila zuio. Itumieni benki yenu agizo la kuyafuta mazuio hayo. Mapokezi waliwajibu wageni kwa simu kwamba fedha "zitarudi zenyewe", wakati mwenye uwezo wa kuharakisha jambo hili ni ninyi.

La ankara linatuchosha zaidi, maana tulilizuia mapema. Kabla ya safari tuliwaletea jina la kampuni, anwani na namba ya mlipa kodi, tukaomba hesabu ya kila chumba igawanywe: malazi na kifungua kinywa upande wa kampuni, baa na dobi upande wa mgeni. Tulichopata ni stakabadhi ya mashine ya kadi na karatasi yenye mstari mmoja, "kifurushi cha malazi". Mhasibu hana la kufanya na karatasi hiyo. Ankara ya kodi inapaswa kuwa na namba yake, tarehe, jina na namba ya kodi ya muuzaji na ya mnunuzi, kila usiku kwenye mstari wake, kisha kiwango na kiasi cha kodi kwa kila aina ya huduma, kwa kuwa ziko nchi zinazotoza malazi kiwango kimoja na vinywaji kingine. Ikiandikwa jina la mfanyakazi peke yake, kampuni inaweza kunyimwa marejesho ya kodi iliyokwisha kuilipa. Na mgeni akishaondoka, marekebisho si ya kufuta kwa kalamu: inatolewa hati ya kuitengua ankara ya kwanza, ndipo mpya iandikwe. Kugawanya hesabu siku ya kuingia ni kazi ya dakika mbili kwenye kompyuta ya mapokezi.

Sasa intaneti. Ukumbini chini inakwenda vizuri, vyumbani inakatika, na sababu inaonekana kwa macho: vipaza mawimbi vya Wi-Fi viko kwenye dari la korido. Kati yake na mgeni kuna mlango mzito wa kuzuia moto, halafu kioo kikubwa cha ukutani, na utando wa metali ulio nyuma ya kioo unarudisha mawimbi. Kifaa kikikosa masafa ya gigahezi 5, ambayo hayapenyi vizuri kuta, kinakimbilia 2.4, ambako chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, na ghorofa nzima inazigombania. Mkutano wa video wenye picha safi unataka takriban megabiti 3 hadi 4 kwa sekunde kwenda na kurudi. Mafundi wenu walipoitwa walipima kasi ya kupakua peke yake, tena mchana vyumba vikiwa vitupu. Wapime kasi ya kupakia, saa tatu usiku, mlango umefungwa, kompyuta ikiwa mezani.

Ukurasa wenu wa kujiandikisha nao ni kikwazo. Kompyuta nyingi za ofisi huwasha zenyewe njia salama ya mtandao (VPN) ya kuingilia mifumo ya ofisi, na mpaka njia hiyo iunganike hazifungui ukurasa wowote, ukiwamo wa kwenu. Mgeni akifaulu kupita, anakatwa usiku wa manane na kuanza upya. Akiunganisha simu na kompyuta, kifaa cha tatu kinakataliwa. Ukuta wenu wa mtandao umefunga pia milango ya data ya UDP namba 500 na 4500, ambayo njia nyingi za aina hiyo huitegemea. Kifaa kikumbukwe hadi siku ya kuondoka, milango hiyo miwili ifunguliwe, na kila meza iwe na soketi ya waya wa mtandao.

Meza yenyewe ni duara la sentimita 50 na stuli isiyo na egemeo. Kompyuta mpakato ikikaa, daftari halina pa kuwekwa. Meza ya kazi inataka kina cha sentimita 60, urefu wa 120 na kimo cha 72 hadi 75, pamoja na taa inayotoa takriban lux 500 (kipimo cha mwanga) juu ya karatasi. Taa za mapambo mlizoweka zinafaa kupigia soga.

Soketi ya karibu iko nyuma ya kitanda. Matundu ya USB yaliyo ukutani ni ya aina ya zamani, yanatoa wati 10 hivi, ilhali kompyuta inahitaji 45 hadi 65. Baya zaidi, swichi ya kadi iliyo mlangoni inakata umeme wa chumba kizima: mgeni akichomoa kadi ya chumba akashuka kula, kompyuta haichaji na friji inapata joto. (Wageni wazoefu huchomeka kadi yoyote ya plastiki na kuiacha humo, kwa hiyo hata umeme mnaotaka kuuokoa hamuuokoi.) Fundi umeme atenganishe soketi moja ya mezani na ya friji zisipite kwenye swichi hiyo.

Kiyoyozi kinazimika usiku kwa sababu kihisi hakioni mtu aliyelala bila kujigeuza. Kihisi cha mwendo peke yake hakitoshi, kiunganishwe na cha mlango. Mlango ukifunguliwa, ukafungwa, kisha kusiwe na mwendo wowote, chumba kiko tupu. Kama mtu ameonekana ndani na mlango haujafunguliwa tangu hapo, bado yumo.

Kuhusu baa ya juu ya paa: mdundo wa besi husafiri ndani ya zege, hivyo madirisha mazito hayasaidii. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unataka wastani usiozidi desibeli 30 chumbani usiku. Ghorofa mbili zilizo chini ya baa msiwape wenye mikutano ya asubuhi, na spika zitolewe sakafuni ziwekwe juu ya mpira. Chini ya milango mna mwanya unaopitisha sauti yote ya korido. Ukanda wa kujishusha mlango unapofungwa unauziba.

Kifungua kinywa kianze saa kumi na mbili na nusu, maana saa moja na nusu ni kuchelewa kwa mwenye kikao cha saa mbili. Pasi na meza yake viwemo chumbani. Mgeni aliyeruhusiwa kuchelewa kutoka aandikiwe upya kadi ya mlango, kwani ya zamani inakufa saa sita mchana na mizigo inabaki ndani.

Tunataka mazuio yafutwe ndani ya siku 3 za kazi, ankara sahihi zifike ndani ya siku 7, na maelezo ya maandishi kuhusu vyumba ndani ya siku 14. Bila hayo hatutahuisha mkataba, na kila muamala ambao haujarekebishwa tutaupinga kupitia benki zilizotoa kadi.

Wenu katika kazi,

Kitengo cha Safari na Malipo

Viambatisho: namba za idhini za kadi, nakala za stakabadhi, barua pepe yenye maelezo ya kodi tuliyowatumia kabla ya safari.