Tumbo linalojaa maji si karuho: ini lipimwe kwanza

Bwana Mhariri,

Msomaji wenu mmoja wa Bagira ameandika kwamba ndugu yake amekufa kwa karuho, ile sumu ambayo watu huamini mtu hulishwa na adui zake, kwa kuwa tumbo lilivimba, macho yakawa ya manjano, na hospitali haikuona kitu. Ninampa pole kwa moyo wangu wote. Lakini mimi ni muuguzi katika kituo cha afya hapa Kadutu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwapokea watu wenye dalili hizohizo. Ninaomba nafasi niseme kwamba tumbo kujaa maji na macho kugeuka manjano ni dalili za ini lililougua, na kwamba tunaposema hospitali haikuona kitu, mara nyingi ni kwa sababu hakuna aliyetafuta.

Mwaka jana alikuja kijana mmoja, mbebaji wa mizigo sokoni. Suruali alikuwa ameifunga kwa kamba kwa sababu vifungo havikukutana tena, ilhali mabega yamekonda hata mifupa inahesabika. Alifungua mfuko wa plastiki, akanipangia mezani bahasha tano za dawa kutoka farmasi mbalimbali. Nne zilikuwa na metronidazoli, dawa ya amibi, na ya tano ilikuwa na dawa ya homa ya matumbo. Kila alikopita aliambiwa ana amibi, yaani vijidudu vya utumboni. Dawa ziliposhindwa, familia iliuza mbuzi wawili na kumpeleka kwa mtaalamu wa karuho, akanyweshwa majani ya kumtapisha na kuchanjwa chale kwa wembe. Nilimlaza nikamgonga tumbo kwa vidole: ubavuni mlio ulikuwa mzito kama wa mtungi uliojaa, na alipolalia upande wa pili, uzito ule ulihama pamoja na maji. Uchunguzi huo hauhitaji mashine yoyote wala hauzidi dakika mbili, na katika bahasha zote tano hapakuwa na dalili kwamba kuna mtu aliyewahi kuufanya.

Kipimo cha haraka cha homa ya ini aina ya B, ambayo wengi hapa tunaiita epatiti B, kinataka tone la damu na robo saa tu. Chake kilitoa mistari miwili. Hospitalini ekografi, ile picha ya mawimbi ya sauti, ilionyesha ini lililosinyaa na kujaa matuta, pamoja na wengu mkubwa. Hiyo ni sirosi: ini limeshambuliwa kwa miaka mingi hadi likageuka kovu, damu inayotoka tumboni ikakosa njia ya kupita, na maji yakaanza kuvuja. Alifariki baada ya miezi mitatu, akitapika damu.

Sisi watu wa afya tuna kosa letu, na nitalisema wazi. Tumezoea kuandika amibi kwa kila tumbo linalouma. Wengi wetu tunajua, lakini hatumwambii mgonjwa, kwamba kwa darubini amibi anayeleta ugonjwa hatofautiani na mwenzake asiye na madhara, anayekaa utumboni bila kumsumbua mtu, isipokuwa akionekana amemeza chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo jibu la labo lenye neno amibi, kwa mtu asiyehara damu wala kuwa na homa na maumivu chini ya mbavu za kulia, halielezi kwa nini anakonda. Vivyo hivyo kipimo cha damu kiitwacho Widali kinachofanywa mara moja hakitoshi kuthibitisha homa ya matumbo. Tukishaandika jina la ugonjwa kwenye karatasi, tunaacha kuuliza, na anayekuja baada yetu anarudia yaleyale tuliyoandika.

Na si kila tumbo lenye maji ni sirosi. Kifua kikuu hushika pia utando wa tumbo, nacho hupona kwa dawa za miezi sita. Ndiyo maana maji yale lazima yachotwe kwa sindano na kupelekwa labo. Maji yenye protini nyingi na chembe nyingi nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti hutufanya tufikirie kifua kikuu, na nyutrofili, aina nyingine ya chembe hizo nyeupe, zikifika 250 kwa milimita moja ya ujazo kwa mgonjwa wa ini, maji yameingiliwa na bakteria na antibiotiki haiwezi kungoja kesho. Aliyekulia tambarare ya Ruzizi naye aulizwe kuhusu kichocho cha tumbo, kwa sababu mayai ya mdudu yule huziba mishipa ndani ya ini, mtu akatapika damu kama wa sirosi, na prazikwanteli ni dawa inayojulikana. Pombe ya kanyanga, na karanga zilizoota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, huliongezea mzigo ini ambalo tayari lina virusi.

Ninasisitiza epatiti B kwa sababu huishi ndani ya nyumba. Hupita kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Virusi vyake huweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwa hiyo wembe wa chale unaotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine unaweza kuusambaza ugonjwa uleule ambao mgonjwa alikwenda kutibiwa. Kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, karibu 9 hubaki nao, ilhali kwa watu wazima hawafiki 1 kati ya 20. Chanjo ya wiki ya 6 humkuta mtoto huyo amekwisha kuchelewa. Dozi ya kwanza inatakiwa ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Ninawaomba wakubwa wetu wa afya wahakikishe kwamba dozi hiyo, pamoja na kipimo cha mama wajawazito, vinapatikana katika kila chumba cha kuzalia, hata kule ambako gari halifiki.

Mama wa yule kijana tulimwita baada ya matanga, akaja na watoto wake wanne waliobaki. Yeye mwenyewe na wawili kati yao walikuwa na virusi, na hakuna aliyejisikia mgonjwa. Binti mkubwa, ambaye ini lake lilikuwa limeanza kuharibika, sasa anameza tenofoviri kidonge kimoja kila siku, dawa ileile inayotumika pia katika tiba ya UKIMWI. Mdogo wake, mwenye miaka 19, bado ini lake ni zuri, naye hupimwa kila miezi sita.

Ndugu yangu wa Bagira, ikiwa una wadogo au watoto mliozaliwa na kukaa pamoja na marehemu, waende wapimwe wiki hii wangali wazima.

Muuguzi, Kadutu, Bukavu